Unciv: jinsi ya kujua kompyuta anaenda kujenga wapi, umuwahi

Wakuu habari. Hii naiandika ili nikiulizwa tena nionyeshe tu, maana kurudia nimechoka. Nina kibanda cha kuchaji simu na kuuza vocha hapa Magomeni, Mtwara mjini, na vijana wanaosubiri chaji wamenasa vibaya kwenye Unciv, gemu ya kujenga miji ambayo mpinzani wako ni kompyuta, sasa kila siku maswali ni yale yale, "kaka mbona kompyuta kaja kujenga mji mlangoni kwangu", "mbona yeye ana miji sita mi nina miwili", "mbona kitufe cha kujenga hakitokei", na lile la kila mtu, "hivi huyu kompyuta ananionea mimi tu?"

Hakuonei. Kompyuta hata hakujui. Anachofanya ni kimoja, setla wake akitoka mjini anaangalia vibox vinavyomzunguka, kila kibox anakipa maksi, chenye maksi nyingi ndiyo anakwenda hapo hapo anajenga. Ni kama mwalimu anayesahihisha kwa kufuata majibu ya nyuma ya kitabu, ukishayaona yale majibu we unajua kabla yake nani kafaulu. Kazi yote ya mwongozo huu ni kukufundisha kusoma majibu yake, afu ufike wewe kwanza.

Nikisema kibox namaanisha vile vya pembe sita kwenye ramani, na setla ni yule mtu wa kujenga mji. Tuendelee.

Kabla hujaanza hakikisha una hivi

Simu ya Android ya kawaida tu, au kompyuta. Unciv ni ya bure, ipo Play Store na F-Droid, aliyeianzisha ni jamaa anaitwa Yair Morgenstern na watu wengine wengi wamechangia, na kimsingi ni Civilization V ya mwaka 2010 iliyotengenezwa upya ikapunguzwa picha ili ikae kwenye simu. Ukishaipakua haili bando, unacheza hata ukiwa kwenye basi la Masasi ambako mtandao unakatika kila baada ya kona.

Gemu mpya, usiendelee na ile uliyokwisha haribu. Chagua ramani ndogo, bara moja tu, wapinzani watatu, ugumu weka Prince maana hapo kompyuta hapewi upendeleo mkubwa na wewe hupewi. Wengine mnaanza na Deity, ugumu wa juu kabisa, ili muonekane, halafu mnakuja kunililia, kule kompyuta anaanza na setla wa ziada kabisa, yaani wewe unajenga mji mmoja yeye anajenga miwili, hujafanya kosa lolote ushaachwa.

Na uwe unaweza kuhesabu mpaka saba bila kukosea. Sitanii, nusu ya matatizo mnayoniletea ni kuhesabu.

Hatua ya 1. Washa macho

Ingia kwenye mipangilio ya gemu, upande wa muonekano wa ramani. Kuna sehemu ya kuweka tiki ili gemu ikuonyeshe sehemu inazopendekeza kujenga mji pale unapomgusa setla. Weka tiki. Halafu washa na ile ya kuonyesha mazao ya kila kibox, yaani chakula, uzalishaji na dhahabu.

Watu wengi wanadhani yale mapendekezo ni msaada wa watoto. Mimi mwenyewe niliyazima miezi kadhaa kwa kiburi. Siku moja nikayawasha kwa bahati mbaya tu, nikaona alama imekaa kwenye kilima fulani karibu na mto, nikaipuuza, zamu kama kumi baadae kompyuta akaja akajenga pale pale kwenye alama. Pale pale. Ndiyo nikashtuka kwamba yale ni maksi zake yeye, hesabu ni ile ile, gemu inakuonyesha karatasi ya majibu ya mpinzani wako bure kabisa na we unaizima.

Angalizo, alama zinatokea kuzunguka pale setla wako alipo na kwenye ardhi ambayo umeshaifungua tu. Haikuonyeshi giza. Kwa hiyo bado utahitaji skauti, yaani mpelelezi wa kufungua ramani, tutafika.

Hatua ya 2. Jifunze hesabu ya nafasi

Hapa nikae kidogo maana ndiyo mzizi.

Kati ya mji na mji kwenye bara moja lazima viwepo vibox vitatu katikati. Siyo umbali wa tatu, ni vitatu vya katikati, mji wa pili unakaa kwenye cha nne. Kama miji ipo kwenye nchi kavu tofauti, mfano mmoja bara na mwingine kisiwani, vinatosha viwili katikati. Sheria hii inambana na kompyuta pia, na hiyo ndiyo silaha yako.

Mji ukishajengwa unaanza na mpaka wa kibox kimoja kila upande, jumla vibox 7 ukihesabu na mji wenyewe. Unatanuka polepole kadri utamaduni unavyoongezeka, ila watu wako wanaweza kulima mpaka umbali wa vibox vitatu tu. Duara la kwanza 6, la pili 12, la tatu 18, na mji wenyewe 1, jumla 37. Mji hauwezi kutumia zaidi ya hapo hata mpaka wake ukitanuka vipi.

Sa mtu ananiuliza, "kwa hiyo nisibananishe, niweke umbali wa saba miji isigusane?" Hapana. Hapa wakulima wa korosho wananielewa haraka. Tunaambiwa tupande mita 12 kwa 12 kwa sababu mkorosho ukikua matawi yanafika, ukibananisha yanagusana hupati kitu. Ila mkorosho unakua hakika, mji wako kwenye gemu mara nyingi haufiki watu 36, gemu inaisha kabla. Kwa hiyo kuacha nafasi ya mkorosho mkubwa kwa mti ambao hautakua ni kupoteza shamba, na shamba linalobaki wazi jamaa analiona. Umbali wa tano au sita ndiyo ninaotumia mimi. Miji inagusana kidogo pembeni, hakuna shida, ila katikati hakubaki pengo la kompyuta kuchomeka mji wake.

Hesabu hiyo ya pengo ifanye kwa kidole kabisa kwenye kioo. Miji yako miwili ikiwa umbali wa saba, hakuna kibox kwenye mstari huo ambacho kipo umbali wa nne kutoka yote miwili, jamaa hawezi kuingia katikati. Ikiwa nane, kipo kimoja, cha katikati kabisa. Na ataingia, nakwambia ukweli, ataingia.

Hatua ya 3. Jua anapenda nini

Vitu vinavyompa maksi ni hivi: mto au maji baridi, pwani, kilima, vibox vya karibu vyenye chakula na uzalishaji mzuri, na mali ya anasa ambayo hana bado, kama hariri, chumvi, manukato. Hiyo ya mwisho ina uzito sana. Kama kuna chumvi na yeye hana chumvi, hesabu kwamba setla wake anaelekea huko.

Umbali nao unaingia kwenye maksi, hapendi kwenda mbali na kwao kama karibu bado kuna nafasi nzuri. Kwao kukijaa ndiyo anaanza kuja kwako, na hiyo ndiyo siku unayoniambia "kaniotea".

Vitu asivyovijali sana: mlango. Yaani ile njia nyembamba kati ya mlima na bahari ambayo ukiishika umefunga nchi nzima, yeye anaiona ni kibox chenye nyasi tu, maksi ndogo, anapita. Wewe binadamu unaiona. Hapo ndipo unamshinda.

Halafu hajui hadithi ya mahali. Ukienda Newala juu kule kwenye uwanda wa Makonde, watu walikaa juu kileleni na maji yapo bondeni chini kabisa, kina mama wanashuka na kupanda na ndoo kizazi na kizazi. Kompyuta asingejenga Newala hata siku moja, angesema hamna mto, maksi sifuri, angeshuka Ruvuma. Lakini wazee walikuwa na sababu zao, juu ni salama, unamuona adui akiwa mbali, na udongo unafaa. Kwenye Unciv ni hivyo hivyo, kuna sehemu ina maksi chache kwa jamaa lakini kwako ni ngome.

Hatua ya 4. Skauti kwanza, kila kitu baadae

Kitu cha kwanza kutengeneza ni skauti, anagharimu 25 tu za uzalishaji wakati setla ni 106 kwa kasi ya kawaida. Mtoe azunguke kwa duara, asiende mstari mmoja mpaka upotee. Unatafuta vitu viwili, mji mkuu wa jirani upo wapi, na kati yako na yeye kuna nini.

Kosa la kawaida: kumuweka skauti kwenye kujiendesha mwenyewe. Anazurura anafungua ramani vizuri lakini hakai pale unapotaka macho. Ukishamuona jirani, mshushe kwenye usukani, msimamishe juu ya kilima kinachoona njia ya kuja kwako. Na asimame hapo. Atamuona setla akitoka.

Hatua ya 5. Chora mji wake wa pili kabla hajaujenga

Chukua mji wake mkuu. Hesabu vibox vinne mpaka sita kuelekea kwako. Kwenye utepe huo tafuta mto wenye mali ya anasa. Ukikuta kilima kando ya mto na kuna anasa ndani ya vibox vitatu, umemaliza, mji wake wa pili au wa tatu ni hapo.

Nitoe mfano wa gemu ya juzi, bado ninayo kwenye simu. Mimi nipo pwani kusini, jirani kaskazini, umbali kutoka mji wangu mkuu hadi wake ni 11. Katikati kuna mto unashuka kutoka mlimani kwenda baharini, kando yake kilima kimoja, na pamba iko vibox viwili magharibi ya hicho kilima. Kutoka kwangu mpaka kilima ni 5, kutoka kwake ni 6. Hakuna mwingine mwenye pamba. Nilimwambia dogo mmoja aliyekuwa anasubiri chaji huku anakula ming'oko, "angalia hiki kilima, kabla ya zamu ya 40 kuna mtu atakaa hapa." Akacheka. Zamu ya 27 setla wa kompyuta akatokea kaskazini na mkuki mmoja nyuma yake, anakuja moja kwa moja. Setla wangu alikuwa kafika zamu moja kabla. Nimejenga, jamaa akasimama vibox vitatu kutoka pale, kesho yake kageuka mashariki. Dogo ming'oko ikabaki mkononi.

Ile zamu moja siyo bahati. Ningechelewa kumtoa setla wangu kwa zamu mbili ule mji ulikuwa wake na mpaka wake ungekuwa unanichungulia jikoni.

Hatua ya 6. Setla wa kwanza apelekwe upande wa adui

Hapa ndipo wengi mnafeli. Setla wa kwanza mnampeleka nyuma, pwani nzuri ya utulivu yenye samaki, kwa sababu ni salama. Hiyo pwani ya nyuma nani ataichukua? Hakuna, jamaa hawezi kufika huko bila kupita kwako. Itakusubiri. Sehemu ya mbele ndiyo haikusubiri. Ni kama kangomba, anayekuja kununua korosho zako shambani kabla ya mnada anajua kabisa ukifika mnadani hamuelewani, ndiyo maana anawahi. Na wewe uwahi hivyo hivyo.

Utaratibu ninaoutumia, siyo sheria: skauti, mpiganaji mmoja, mji ukifika watu wawili au watatu anza setla. Ukumbuke mji unapotengeneza setla haukui, chakula cha ziada kinageuzwa kuwa uzalishaji, kwa hiyo usianze ukiwa na mtu mmoja maana hata haikuruhusu. Kama unafuata sera za uhuru (Liberty), kuna moja inakupa setla wa bure, hiyo ni zawadi usiidharau.

Na usimtume setla peke yake. Tafadhali. Mimi nilimtuma peke yake siku moja umeme umekatika, nacheza kwa asilimia sita za betri, nataka nimalize haraka, akakutana na wale babariani, majambazi wa porini wasio na nchi, wakamchukua. Uzalishaji wote ule. Setla akikamatwa anageuka mfanyakazi kwa aliyemkamata, yaani nilikuwa nimewapelekea kibarua. Mpiganaji na setla wanakaa kibox kimoja bila shida, waende pamoja.

Kosa lingine ni kujenga kibox kimoja nyuma ya bahari. Mtu anaona bahari ipo karibu anasema hapa ni pwani. Siyo pwani. Mji lazima uguse maji wenyewe ndiyo unaruhusiwa bandari na meli. Kibox kimoja nyuma umekosa vyote milele, mji hauhamishiki. Na kila pwani siyo sawa pia, sisi hapa tunajua, Mikindani ndiyo mji wa zamani wenye majahazi na wafanyabiashara, lakini ghuba yake ina kina kifupi, Waingereza walipotaka bandari ya meli kubwa kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga wakaja upande huu wa Mtwara kwenye kina kirefu. Mji mpya ukakua, wa zamani ukabaki na majumba yake. Kuangalia maji kabla ya kujenga ni jambo la zamani sana.

Hatua ya 7. Kumziba

Njia zipo kama nne, naziandika kwa mpangilio wa ninavyozipenda.

Ya kwanza, mpaka. Bila makubaliano ya kufunguliana mipaka jeshi lake na setla wake hawawezi kukanyaga ardhi yako. Na mji mpya unaanza na upana wa vibox vitatu. Kwa hiyo ukikuta shingo ya nchi yenye upana wa vibox vitatu kati ya maji na mlima, weka mji katikati yake, siku hiyo hiyo mlango umefungwa. Nyuma yako kote ni shamba lako la kujenga taratibu. Ataweza kupita baharini baadae akishapata teknolojia ya kuvusha watu majini, lakini mpaka hapo we umeshajaza. Halafu usije ukakubali kufungua mipaka kwa sababu kakupa vihela kidogo. Nimeona mtu kaziba vizuri kabisa, akafungua mipaka kwa dhahabu 50, setla watatu wakapita.

Ya pili, simamisha mtu juu ya kibox chenyewe. Unajua anakoenda, si ndiyo? Weka mpiganaji wako pale pale. Hawezi kukaa kibox kimoja na askari wako. Atatafuta namba mbili kwenye orodha yake. Hii inakupa zamu tano mpaka kumi mpaka setla wako afike. Ila sio dawa ya kudumu, namba mbili yake inaweza kuwa kibox cha jirani tu.

Ya tatu, muombe. Kwenye ukurasa wa mazungumzo kuna madai, mojawapo ni kumtaka asijenge karibu na wewe. Wengine wanakubali wengine wanakujibu kwa dharau. Akikubali afu akavunja, haina faida kubwa ila unapata sababu. Na yeye akikuomba wewe, fikiri kwanza kabla ya kubonyeza ndiyo, maana ukiahidi ukavunja anakumbuka.

Ya nne, kununua vibox kwa dhahabu ili mpaka ufike kwenye pengo. Ghali. Natumia pale tu ninapoona setla wake kwa macho na wangu yuko mbali.

Hatua ya 8. Jua pa kumuachia

Huwezi kuchukua kila kitu. Kila mji mpya unakula furaha, kawaida 3 za mji na 1 kwa kila mtu, kwa hiyo mji wa mtu mmoja umekula 4. Mali ya anasa moja mpya inakupa 4. Ukipiga hesabu hiyo unaona kwamba mji wenye anasa mpya unajilipia wenyewe, na mji usio na anasa unakopa. Ukikopa mara tatu furaha inashuka chini ya sifuri, miji yote inaacha kukua vizuri, sa umefaidi nini? Na anasa ile ile ukiwa nayo mara mbili ya pili haikuongezei furaha, hiyo ni ya kubadilishana na jirani. Halafu usisahau, anasa haihesabiki mpaka mfanyakazi ajenge juu yake.

Kwa hiyo jangwa tupu, barafu, kisiwa cha kibox kimoja, muachie. Atajenga, kompyuta akibakiza ardhi anajenga hata pa ovyo. Na yeye furaha inamuathiri, ikimshuka anapunguza kutengeneza setla.

Ila hapa nina onyo moja la mtu wa Mtwara. Pa ovyo pa leo. Msimbati zamani mtu angekwambia ni minazi na mitumbwi, 1982 wakakuta gesi Mnazi Bay, na Songo Songo kule Kilwa ilikuwa imeshaonekana tangu 1974. Kwenye Unciv mafuta hayaonekani mpaka ufike teknolojia ya Biolojia, na mara nyingi yanatokea kwenye hayo hayo majangwa na barafu uliyoyadharau. Sisemi ukajaze jangwa zamu ya 30. Nasema ukishatulia, katikati ya gemu, furaha ikiwepo ya ziada, tupia mji mmoja jangwani.

Ikigoma

*Kitufe cha kujenga hakitokei au kimefifia.* Sababu za kawaida ni tatu. Upo karibu mno na mji mwingine, hesabu tena vile vitatu vya katikati, na usisahau miji midogo huru nayo ni miji. Au umesimama ndani ya mpaka wa mtu. Au setla kamaliza hatua zake, kavuka mto au kapanda kilima, subiri zamu ijayo.

*Alama za mapendekezo sizioni.* Hujamgusa setla, au setla unaye lakini eneo lote limeshabanwa. Zikikosekana kabisa wakati ramani bado ipo wazi basi toleo lako la zamani, pakua jipya.

*Kaniwahi tayari, mji upo mbele ya mlango.* Usikimbilie vita na wapiganaji wawili. Mji mchanga una ulinzi mdogo lakini bado unapiga. Wapiga mishale watatu au wanne na mpiganaji mmoja wa kuingia, afu uamue ubaki nao au uuchome. Mji mkuu wa mtu hauchomeki. Kama huwezi vita, ongeza utamaduni kwenye mji wako wa jirani na nunua vibox vyenye mali kabla mpaka wake haujavifikia, utabaki na vitu yeye abaki na nyasi.

*Setla wake anazunguka zunguka hajengi.* Umekaa kwenye kibox chake au mpaka wako umemkatia njia. Hongera. Usimuondoe yule mpiganaji.

*Wananikasirikia wote.* Umejenga karibu nao mfululizo, wanaona unatamani ardhi yao. Pumzika kujenga, fanya biashara, mpe mmoja anasa uliyonayo mbili. Na weka jeshi mpakani, maana kompyuta akiona mji wa mbele hauna askari anaweza kushawishika.

*Nimefuata yote bado ana miji mingi.* Angalia ni mingapi ina maana. Mtu alinionyesha jirani ana miji tisa, tukafungua tukakuta minne ipo kwenye barafu, watu wawili wawili.

*Nacheza gemu nyingine siyo Unciv.* Civilization VI umbali ni ule ule wa vibox vitatu katikati, ila maji yana uzito zaidi, mji wenye maji baridi unaanza na makazi 5, wa pwani 3, usio na maji 2. Na kama una nyongeza ya Rise and Fall ya 2018, kompyuta akija kujenga mlangoni kwako usihangaike sana, watu wako waliopo ndani ya vibox 9 wanausukuma ule mji, mara nyingi unaasi wenyewe na unaweza kuja kwako bila risasi. Freeciv ni kinyume, kule miji inaruhusiwa kubanana sana na kompyuta anabananisha kweli, usiache mapengo ya kupumua. Polytopia humo vijiji vimeshawekwa kwenye ramani, hakuna setla, mbio tu za nani kafika, kwa hiyo kwenye mwongozo huu wote chukua hatua ya 4 peke yake.